Pini ya Nne

Mwanamume aliyekuja kumwona Sekela Mwaijande asubuhi ile ya Jumatatu hakutaka kukaa. Mlinzi wa mapokezi alimsogezea kiti, akakitazama kama mtu aliyetukanwa, akabaki amesimama katikati ya chumba cha habari cha gazeti la Kengele. Mkononi alishika simu yenye kava la maua, simu ya kike.

"Wewe ndiye Sekela? Wa maji ya bomba la kusini?"

"Ndiye mimi. Karibu, kaka."

Alisema hivyo huku anatabasamu. Kwa siku tisa watu walikuwa wakimsimamisha barabarani kumshukuru kwa habari ile. Aliifanyia kazi wiki tano. Alichota maji kwenye mabomba kumi na moja, akayapeleka kwenye maabara mbili zisizojuana, mpaka akathibitisha kwamba kiwanda cha mbolea cha Ruvanga, kilicho mlimani juu ya mji wa Ilongoti, kilikuwa kinamwaga taka kwenye chanzo cha bomba. Taka zile zilikuwa na naitreti, chumvi ambayo mtu mzima anaweza kuinywa asijue, lakini kwa mtoto mchanga inazuia damu kubeba hewa. Sekela alidhani huyu naye amekuja na shukrani.

"Naitwa Ambilikile Sanga. Fundi wa paneli za sola, Mtaa wa Tanuru. Soma hapa."

Sekela akapokea simu. Juu ya habari kulikuwa na picha yake na jina lake. Chini yake paliandikwa: *Wakazi wanaotumia bomba la kusini wanashauriwa kuchemsha maji kwa muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kuwapa watoto wachanga. Hakuna sababu ya hofu. Wataalamu wanaendelea kufuatilia.*

Akasoma mara ya pili.

"Hii siyo yangu."

"Jina ni la nani?"

"Langu, lakini..."

"Na picha?"

Sekela akakimbilia mezani kwake, akarudi na nakala aliyoikabidhi kwa mkono wake mwenyewe siku tisa zilizopita. Akamwonyesha aya ya pili. *Usimpe mtoto mchanga maji haya. Usiyachemshe. Ukiyachemsha maji yanapungua na sumu inabaki palepale, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa kibaya zaidi.*

Ambilikile alisoma kwa kufuatisha kidole. Kilipofika kwenye neno *usiyachemshe* kikasimama.

"Tulichemsha mara mbili," akasema. "Mke wangu alisema mara moja inatosha. Mimi nikamwambia hapana, dada wa gazeti amesema muda mrefu zaidi. Mimi ndiye niliyerudisha sufuria jikoni. Mtoto alikuwa na wiki saba. Jumatano mdomo ukaanza kuwa wa bluu, halafu kucha. Alhamisi akafa. Ijumaa tumezika."

Mwandishi wa michezo alivua vipokea sauti masikioni, akaviweka mezani taratibu.

"Jirani yangu Mama Tumpe, ukuta wake na wangu ni mmoja," Ambilikile akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Yeye mlimwandikia hii ya kweli. Siku hiyohiyo akaanza kununua maji ya gari. Nikamuuliza msibani, mama, mbona hukutugongea? Akaniambia, 'Baba, nilijua mmesoma. Si sote tunasoma Kengele?' Sasa wewe nijibu. Yeye ana nini ambacho mimi sina? Kwa nini yeye aambiwe ukweli na mimi nibembelezwe?"

Sekela aliahidi kwamba ataleta jibu nyumbani kwake siku hiyohiyo.

"Usije na pole," Ambilikile akasema akiichukua simu. "Pole tunazo za kutosha."

*

Mashine ile ilikuwa na jina refu kwenye mkataba, lakini pale chumba cha habari waliiita Cherehani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumshonea kila msomaji habari kwa kipimo chake. Mwandishi alileta kitambaa kimoja, yenyewe ikakata matoleo elfu arobaini. Ilijua msomaji amesoma nini jana, jicho lake limekaa wapi, amenunua nini duka la dawa, analala saa ngapi. Iliposimikwa hapo miaka sita nyuma, wasomaji walikuwa wamezikimbia habari kabisa, wamechoka kutishwa. Cherehani iliwarudisha. Mkulima alianza na mvua, mwenye duka alianza na bei, na watu waliona gazeti limewajua.

Mkataba ulisema ukweli wa msingi hautaguswa. Kulinda hilo, kila mwandishi alipewa pini tatu kwa kila habari. Sentensi iliyotiwa pini Cherehani haikuweza kuibadilisha hata nukta. Ukitaka ya nne, mfumo ulikataa, kwa kuwa wenye mashine walishapima wakaona habari yenye pini nyingi haisomwi mpaka mwisho. Na kila Ijumaa ubao ulionyesha ni mwandishi gani amesomwa mpaka mwisho na yupi ametupwa.

Sekela akafungua ukurasa wake wa siku ile. Pini zilikuwepo, alama tatu nyekundu. Ya kwanza ilishika jina la kiwanda. Ya pili ilishika maneno ya afisa afya aliyekiri kwamba alijua. Ya tatu ilishika sentensi moja fupi: *Uchunguzi huu umefanywa na Kengele pekee.*

Sentensi ya kuchemsha haikuwa na kitu.

Aliikumbuka jioni ile vizuri. Pini ya tatu alikuwa ameitia kwenye *usiyachemshe*, halafu akaing'oa, akaihamishia kwenye sifa yake mwenyewe, maana magazeti mengine yalikuwa na tabia ya kumwibia kazi. Hakuna aliyemlazimisha. Ilimchukua muda usiofika dakika moja, na kisha alikwenda kula.

Akapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha chai kikapinduka. Hakuifuta chai iliyomwagika. Akashuka chini kwa Idrisa Mtulia, fundi wa mfumo.

"Waliopewa toleo la kuchemsha ni wangapi?"

Idrisa alimtazama uso wake, akaona hakuna haja ya kuuliza kwa nini. Akabonyeza. "Elfu sita mia tatu na kumi na wawili."

"Siku tisa! Na hakuna kengele iliyolia hapa kwako?"

"Mfumo unahesabu malalamiko, Sekela. Lile toleo ndilo lenye malalamiko machache kuliko yote." Akameza mate. "Limependwa."

"Nionyeshe kwa nini Sanga alipewa lile."

"Hairuhusiwi."

"Na kuua kunaruhusiwa? Fungua."

Idrisa akafungua. Msomaji hakuwa Ambilikile. Simu ilikuwa ya mkewe, Bupe Sanga, miaka ishirini na sita, na mashine ilikuwa imeandika kwa mistari mifupi kama karani aliyechoka: *Anatumia dawa ya huzuni ya baada ya kujifungua. Anainunua duka la mbali na kwake. Anafuta ujumbe wa duka baada ya kusoma. Aliwahi kusoma mara nne kuhusu kuchemsha maji. Uamuzi: punguza hofu, mpe jambo la kufanya.*

"Jambo la kufanya," Sekela akasema. "Wakampa sufuria."

Idrisa alizima kioo haraka, kama mtu anayefunika maiti. "Mumewe hajui, unaona? Ndiyo maana anafuta. Sasa tunaojua tumekuwa watatu, mimi, wewe na hili dude. Ungenisikiliza usingesoma."

Sekela akatambua kwamba ni kweli. Alikuwa ameingia chumbani kwa mwanamke mfiwa bila kubisha hodi. Hasira yake, iliyokuwa imeelekea kwa mashine, ikamgeukia mwenyewe na kukaa hapo.

"Ichapishe hiyo," akasema. "Itie kwenye bahasha, uigundishe. Mimi siitazami tena."

*

Mhariri mkuu, Gaudensia Henjewele, alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ndiye aliyemfundisha Sekela kazi. Alimsikiliza akiwa amefumba macho.

"Ndani ya saa moja sahihisho litatoka," akasema.

"Kwa Cherehani?"

"Kwa njia ipi nyingine?"

"Izime, mama. Habari moja, kwa watu wote, maneno yaleyale. Kuna nyumba zaidi ya elfu sita ambazo sufuria iko jikoni sasa hivi tunavyoongea!"

"Nikiizima mkataba unakufa leo. Simu zote za wasomaji zinatutoka mikononi. Kesho Kengele halipo, na Ruvanga watachinja ng'ombe kusherehekea. Nani atawafuata tena? Wewe?"

"Ulinirudisha Ruvanga kilomita thelathini kwa sababu nilikosea jina la mtu. Herufi moja, mama. Ukasema mtu huyo ana haki ya jina lake. Leo tumekosea mtoto mzima, unataka sahihisho likakatwe na mkasi uleule?"

Gaudensia akafumbua macho. "Na pini zako ulizitia wapi?"

Lilikuwa pigo, na lilimpata palipouma.

"Nimeziona," Sekela akasema. "Nitazitaja."

"Utazitajia wapi?"

"Barabarani."

"Watakuuliza ushahidi. Wenye mashine watasema simu ya yule bwana ilichezewa. Ushahidi pekee ni zile sababu zilizo chini kwa Idrisa. Utazitoa? Wagonjwa, wadeni, wanawake wenye siri zao, elfu sita na zaidi, utawaanika hadharani ili uaminiwe?"

"Siwaaniki."

"Basi huna ushahidi."

"Nina kosa langu. Hilo ninao ushahidi wake, na ni langu kulitoa." Akasimama. "Wewe zima au usizime. Mimi naenda kuwaambia watu wamwage maji."

"Ukitoka kwa mlango huo kama mwandishi wa Kengele, unavunja mkataba."

"Basi natoka kama Sekela."

*

Bajaji ya matangazo aliyoikodi ilikuwa inatangaza magodoro wiki ile. Dereva alizima wimbo wa magodoro, akampa kipaza sauti, akamwuliza asome nini. Sekela alikuwa ameandika mistari sita kwenye karatasi, na alipiga moyo konde asibadilishe neno kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, hata pale atakapoona sura za watu.

"Sikilizeni! Maji ya bomba la kusini, usimpe mtoto mchanga. Usiyachemshe, kuchemsha kunaongeza sumu. Kama mdomo au kucha za mtoto zimebadilika rangi, kimbia hospitali sasa hivi. Wengi wenu mliambiwa na gazeti la Kengele mchemshe. Lilikuwa kosa. Mimi Sekela Mwaijande niliyeandika habari ile nilikuwa na uwezo wa kuilinda sentensi hiyo isibadilishwe, nikaitumia nafasi hiyo kulinda sifa yangu."

Mtaa wa kwanza watu walidhani ni mzaha. Wa pili wakaanza kutoka nje. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akaisimamisha bajaji kwa mkono.

"Jumamosi ya juzi ulisema hivi, leo unasema vile. Tuamini lipi?"

"Usiniamini mimi, baba. Majibu ya maabara nimeyabandika mlango wa kituo cha afya, yote mawili, na mihuri yake. Nenda kasome, au umtume unayemwamini."

"Ningejua kusoma vizuri ningekuwa nasubiri gazeti linisomee?" mzee akafoka, lakini akaondoka kuelekea kituoni.

Mwanamke mmoja alitoka na sufuria, mvuke bado unafuka, akaja mpaka kwenye miguu ya Sekela akaimwaga palepale. Maji ya moto yakamrukia kwenye viatu. Alisimama akimtazama mpaka Sekela akainamisha macho.

Kwenye kona ya Tanuru mama mwingine akaja mbio, kanga inamvuka, mtoto kifuani, midomo ya mtoto ya kijivu. Dereva hakungoja kuambiwa. Alimpakia, akawasha taa, akageuza bajaji na spika zake zote kuelekea hospitali. Sekela akabaki katikati ya barabara na karatasi yake. Hakuwa tena na kipaza sauti. Akaendelea kwa miguu, akipaza sauti mlango kwa mlango, mistari ileile sita, mpaka koo likaanza kumkwaruza kama amemeza mchanga.

*

Kwa Sanga turubai lilikuwa halijateremshwa. Wanaume walikaa nje kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani kwenye mikeka. Ambilikile akamwona anaingia, akasimama.

"Umeleta jibu?"

"Naomba kwanza nizungumze na mke wako."

"Utazungumza na mimi! Mimi ndiye niliyekuja ofisini kwako."

Shangazi wawili wakasogea mlangoni kumzuia. Sekela alikuwa anatafuta maneno pale simu zilipoanza kulia. Ililia ya Mama Tumpe, ikalia ya mwanamume aliyekaa pembeni, ikalia ile yenye kava la maua iliyokuwa mfukoni mwa Ambilikile. Zilikuwa zinalia turubai zima.

"Ni Kengele," Mama Tumpe akasema. Akasoma kwa sauti, kwa kuwa alishajifunza kwamba si wote wanaosoma kitu kimoja. "'Sahihisho. Maji ya bomba la kusini yasichemshwe kwa ajili ya watoto wachanga. Gazeti linaomba radhi. Na Sekela Mwaijande.'"

"Yangu haisemi hivyo," yule wa pembeni akasema. "Hii inasema, 'Uvumi kuhusu maji, mambo matatu ya kufahamu. Wasomaji wachache walipata ushauri usiokamilika.' Na Sekela Mwaijande."

"Uvumi?" mtu akauliza. "Nani amevumisha, marehemu?"

Wakaanza kuziweka simu juu ya mkeka, moja kando ya nyingine, na kila iliyowekwa ilikuwa na sura yake. Moja ilisifu juhudi za mamlaka ya maji. Moja ilitaja mtoto kama *tukio*. Hapo hapakuhitajika mtaalamu wa kueleza, wala siri ya mtu. Jina lilikuwa moja, dakika ilikuwa moja, na hapakuwa na mbili zilizofanana.

"Mimi sikuandika hata moja," Sekela akasema, sauti imebaki nusu. "Lakini jina ni langu, na nililiacha litumike hivyo miaka sita."

Ambilikile alikuwa anaitazama simu ya mkewe. Aliisoma kimya, halafu akaisoma kwa watu, na kila neno lilitoka kama anang'oa jino.

"'Bupe, huu ni wakati wako wa kupumzika. Tumekuchagulia habari njema tano.'" Akainua uso. "Maji hayajatajwa! Mtoto amekufa kwa maji, sahihisho la maji linatoka, na mke wangu anapewa habari njema tano! Kwa nini yeye? Sema! Uliahidi jibu!"

Bahasha ilikuwa ndani ya mkoba wa Sekela. Akisema hajui, anamdanganya baba wa marehemu usoni. Akisema anajua lakini hasemi, macho yote yatamgeukia mwanamke aliye ndani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amefundishwa kwamba swali lililoulizwa hadharani lijibiwe hadharani, na sasa aliona kwamba jibu lina mwenyewe.

"Kila msomaji wa Kengele ana sababu yake iliyoandikwa kule," akasema polepole. "Wewe, mama huyu, huyu bwana, wote. Kila mmoja ana haki ya kuiona ya kwake, peke yake. Sitamwonyesha mtu ya mwingine. Hata wewe, kaka. Nipige ukitaka."

Kweli Ambilikile aliinua mkono. Wazee wawili wakamshika. Kelele zikazuka, wengine wakisema huyu atolewe, wengine wakisema gazeti lao lichomwe moto.

"Nipe yangu."

Bupe alikuwa amesimama mlangoni katikati ya wale shangazi. Alikuwa mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya kifua, macho makavu. Sekela akampa bahasha. Akaifungua akiwa amewapa watu mgongo, akasoma, na mgongo ule ulikuwa umetulia kabisa kwa muda ambao kila mtu aliuona mrefu. Kisha akageuka, akaisoma yote kwa sauti. Dawa, duka la mbali, ujumbe unaofutwa. *Punguza hofu, mpe jambo la kufanya.*

"Uliniambia maziwa yamekauka, ndiyo maana tukamkorogea ya kopo," Ambilikile akasema.

"Nilikudanganya. Dawa niliyopewa haikuniruhusu kunyonyesha. Niliogopa nyumba hii itasema nimerogwa. Hilo nitakujibu wewe, Ambilikile, chumbani kwetu, tukiwa wawili." Akaitikisa karatasi. "Lakini hawa! Hawa mimi sikuwaambia chochote. Waliokota wenyewe, wakakaa wakaamua kwamba mimi ni wa kudanganywa. Niliinywa ile dawa mwezi mzima ili niweze kusikia jambo baya na bado nisimame. Nilikuwa nimepona kusikia! Wangeniambia ningesikia! Ningembeba mwanangu mgongoni mpaka mto ulio juu ya kiwanda nikachote maji safi kwa mikono hii!"

Ambilikile alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, mikono juu ya kichwa.

"Una kalamu?" Bupe akamuuliza Sekela.

"Ninayo."

"Andika. Na jina langu uliandike lote."

"Bupe, likitoka leo halirudi. Unaweza kufikiri mpaka kesho, nitakuja."

"Na wewe unanipunguzia hofu?"

"Hapana. Ninakuuliza mara mbili, kama ninavyomuuliza kila mtu."

"Nimekujibu mara mbili."

Wakakaa kwenye mkeka, goti kwa goti. Bupe alisema, Sekela akaandika kwa mkono. Siku, saa, sufuria, rangi ya kucha. Walipofika Alhamisi, Bupe akasema, "Andika maji yale yamemuua mwanangu," na kalamu ikasimama.

"Hilo siwezi kuliandika bado."

Turubai zima lililipuka kwa kelele. Mama Tumpe alisimama kabisa. "Baada ya yote haya, bado mnaficha?"

"Sifichi!" Sekela akapaza ile sauti iliyobaki. "Nitaandika alichokiona kwa macho yake. Nitaandika alichosema daktari, kama alisema. Nisichokuwa nacho siandiki, maana nikikosea neno moja Ruvanga watalishika hilo na kuyatupa yote. Bupe, daktari alikwambia nini?"

Bupe alimtazama kwa chuki ambayo Sekela hakujaribu kuikwepa. Kisha akaingia ndani, akarudi na kadi ya kliniki ya mtoto. Nyuma yake daktari wa zamu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: *Damu imekosa hewa. Inashukiwa naitreti kwenye maji. Sampuli imechukuliwa.*

Sekela akanakili herufi kwa herufi.

"Inashukiwa," Bupe akasema kwa uchungu.

"Ndivyo alivyoandika. Majibu yakitoka nitarudi hapa na kuandika yaliyotoka, yawe yapi."

Bupe akaishika kadi kwa mikono miwili. "Liache," akasema mwishowe. "Lakini usiandike 'mtoto mchanga' tu, kama wale. Anaitwa Lugano Sanga."

Sekela akaandika Lugano Sanga. Chini yake akaongeza sehemu yake mwenyewe, pini tatu na mahali alipozitia, akasaini. Kisha akawasomea wote, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akiwa amekaa kwenye mkeka na koo lililokwaruzika.

Alipomaliza, Ambilikile alikuwa bado amekaa kwenye vumbi. Hakuwa amemtazama Sekela hata mara moja. Alikuwa anatazama nyuma, kule mwisho wa turubai, ambako watu wa mitaa ya jirani walikuwa wameanza kujaa, wengine na ndoo, wengine na watoto.

"Simama usome tena," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."